Ngome ya Migori haina simiti

Wasee, tajeni ngome moja ya Kenya. Najua, wote mmesema Fort Jesus. Sawa, Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, na picha za pale hutoka kali. Lakini kuna nyingine Migori, na hiyo ilijengwa na wanakijiji.

Inaitwa Thimlich Ohinga. Kwa Dholuo, thim ni msitu, lich ni kitu cha kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Iko juu ya kilima chenye miti, na UNESCO inasema ni ya karne ya 16. Kuta zinafika kati ya mita 1.5 na 4.5. Sasa sikiza: hakuna simiti. Hata udongo wa kushikanisha hakuna. Safu ya mawe nje, safu ndani, katikati vijiwe vidogo vimejazwa, basi. Mawe yanashikana yenyewe. Mlango nao ni mfupi hadi lazima uiname, na hapo ndipo walikuwa wajanja. Mwizi wa ng'ombe anaingia kichwa kikiwa chini, na mlinzi amekaa pembeni anamngoja.

Hakukuwa na mfalme wa kuwaamrisha. Watu walijenga, wakahama, wakaja wengine wakarekebisha na kuongeza, hivyo hivyo mpaka karne ya 20. Walifuga mle ndani, na hapo kwao walifua chuma chao wenyewe.

Ukiwa Migori hiyo hiyo kuna Macalder. Enzi za mkoloni kampuni ilichimba shaba na dhahabu, ikafunga 1966. Vijana wa rika letu bado wanachimba kwa mikono, wengine wanasafisha dhahabu na zebaki, sumu tupu. Mimi nilijua Macalder kabla ya Thimlich, maze, na naona aibu kusema. Tunakumbuka shimo tunasahau ukuta.

2018 UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Poa. Lakini ukuta kama huo ulisimama miaka yote kwa sababu kulikuwa na mtu anaishi hapo, jiwe likianguka asubuhi analirudisha. Siku hizi hakuna anayelala mle. Mizizi inasukuma, mvua inanyesha.

Kwa hivyo mkienda, tafadhali, msipande juu ya kuta kutafuta picha. Jiwe moja likitoka, la juu yake linafuata.