Hofu Isiyo na Rimoti

Huko Marekani kulikuwa na FEARnet, ya sinema na vipindi vya kutisha. Comcast, Sony na Lionsgate waliianzisha Oktoba 31, 2006. Mwaka 2010 ikawa chaneli kamili ya televisheni. Kilichoizima ni hesabu za biashara. Comcast tayari ilikuwa na chaneli nyingine ya vitisho, Chiller, ikanunua hisa za wenzake na kuifunga FEARnet Julai 2014. (Chiller nayo ikafuata 2017.)

Juni 15 mwaka huohuo wa 2014, hapa Mpeketoni, watu walikuwa wakitazama Kombe la Dunia wauaji walipoingia mjini. Wewe uliyelala msituni na watoto unajua: hofu ile haikuwa na rimoti.

Basi kijana wako akiwasha filamu ya kutisha leo usiku, usianze kwa kumkemea. Keti naye, umsimulie ulikolala.