Kitenzi "Gird" na Nafasi Yake katika Kiswahili

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyowatatiza wafasiri ni "gird". Hukutwa katika hotuba, katika habari za vita na katika maandiko ya dini, na mara nyingi hufasiriwa "jiandaa" basi. Tafsiri hiyo si kosa, lakini haitoshi. Na ili tuuone upungufu wake hatuna budi kurejea kwenye asili ya neno.

Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kiliandikwa "gyrdan", nacho ni ndugu wa "gürten" cha Kijerumani. Maana yake ya msingi ni kuzungushia mshipi kiunoni. Hapo zilichipuka maana nyingine: kujifunga upanga, kwa kuwa upanga ulining'inizwa mshipini, na kuzingira, kama bahari izingiravyo kisiwa. Maana ya kujiweka tayari kwa kazi au mapambano ilienea zaidi kwa njia ya tafsiri za Biblia, hasa ile ya Mfalme James ya mwaka 1611. Watu wa kale wa Mashariki ya Kati walivaa nguo ndefu. Aliyetaka kukimbia, kufanya kazi au kupigana aliipandisha nguo yake na kuichomeka mshipini ili miguu iwe huru. Hivyo kufunga kiuno kukawa alama ya utayari.

Fikra hiyo haikuwa ya taifa moja. Kilatini kilikuwa na "accingere", yaani kujifunga mshipi na pia kujiweka tayari. Na Kiarabu kina "shammara", kupandisha nguo, kwa maana ya kulikabili jambo kwa bidii.

Kiswahili nacho kilikuwa na hazina yake. Mwanamke aingiapo kazini au ngomani hujifunga kibwebwe. Mwanamume wa zamani alijifunga masombo au mahazamu. Kutokana na vazi hilo tukapata msemo "kujifunga kibwebwe", yaani kuikabili kazi kwa nguvu zote. Hata hivyo, Biblia ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri ya Kiunguja na wale wa Kimvita, ilishika njia ya "kujifunga viuno", ikiifuata kwa karibu picha ya maandiko ya asili. Kwa kitabu cha dini uamuzi huo wafaa. Kwa waraka wa ofisi, waweza kusikika kama mahubiri.

Mtego mkubwa zaidi ni mkanda. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, wananchi wa Tanzania walitakiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Msemo huo ulihusu kuvumilia uhaba: mkanda hukazwa kwa kuwa tumbo limepungua. Basi mfasiri akikuta taifa linahimizwa "to gird itself" kwa ajili ya mavuno, naye akaandika "tufunge mikanda", amegeuza wito kuwa onyo. Aliyetakiwa kushika jembe ataanza kuhesabu akiba ya sukari. Kiuno ni kile kile, lakini mmoja hujifunga ili ainuke, na mwingine ili astahimili.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe matumizi. Panapotajwa vifaa, mipango au amri ya kijeshi, "jiandaa" na "jiweka tayari" yatosha. Panapohimizwa moyo wa watu, "jifunga kibwebwe" ndiyo tafsiri iliyo hai. Kwa silaha tuseme "jifunga", kwa mfano "kujifunga upanga". Na kwa nchi iliyozungukwa na milima au maji tuseme "zingirwa". Katika tamthilia za Shakespeare, "gird" kinapofuatwa na "at", maana yake ni kudhihaki, wala hapana mshipi wowote.

Huenda wako watakaosita kumfunga askari kibwebwe, kwa kuwa ni vazi la kike. Lakini msemo umekwisha kuachana na vazi, na leo wanaume kwa wanawake huutumia bila haya. Asiyeridhika anayo masombo. Linalotakiwa ni mfasiri kujiuliza kwanza kama mwandishi anawaita watu watende, wajipange, au wavumilie. Akishajua hilo, Kiswahili hakitamnyima neno.