Maji na Magoti ya Bibi Zetu

 

Bila shaka wewe unamjua bibi ambaye kila akiinuka hushika goti na kusema, "Uzee huu." Mwishowe haendi sokoni wala msibani, hukaa barazani tu. Jamaa humwambia, "Tulia, bibi, usijichoshe." Je, wanamsaidia? Historia itatujibu.

Kwanza tulitazame goti. Ncha za mifupa yake zimefunikwa na gegedu, kitu laini kizuiacho mifupa isisuguane. Gegedu likichakaa, goti huuma na kukakamaa. Wanawake wazee hupatwa na ugonjwa huu kuliko wanaume.

Tangu zamani watu walitafuta nafuu majini. Katika mji wa Bath, Uingereza, hutoka chemchemi ya maji ya moto, kiasi cha digrii 46. Warumi walijenga mabafu hapo, na mwaka 1742 ilifunguliwa hospitali ili maskini nao watibiwe kwa maji hayo. Lakini aghalabu mgonjwa aliketi tu majini.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1921 Bwana Franklin Roosevelt, mwenye umri wa miaka 39, alipooza miguu. Madaktari walisema ni polio. Mwaka 1924 alikwenda Warm Springs, katika jimbo la Georgia, penye maji ya vuguvugu. Miguu iliyomshinda nchi kavu iliweza kusogea majini! Mwaka 1926 alipanunua mahali hapo, na wagonjwa wengine wakaja kufundishwa mazoezi ndani ya maji. Roosevelt hakupona. Hata alipokuwa Rais, mwaka 1933, hakuweza kutembea bila vyuma na msaada. Lakini watu wengi walijifunza kwamba majini mgonjwa hujizoeza, haketi tu.

Kwa nini? Maji humwinua mtu. Yakifika kiunoni, miguu yako huchukua kama nusu tu ya uzito wako. Tena maji huukinza mwendo, kwa hiyo misuli hupata nguvu. Na paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio 13 ya mazoezi hayo kwa wagonjwa wa magoti na nyonga. Waliona maumivu yanapungua kidogo, kwa muda mfupi. Basi maji hayaponyi, husaidia. Na asiye na bwawa asikate tamaa: kutembea, na kuinuka kitini mara kadhaa kila siku, husaidia pia. Amwone mganga wa hospitali kwanza, wala asiingie majini peke yake.

Basi ukirudi nyumbani leo, usimwambie bibi "Tulia." Mpe mkono, mtembee pamoja mpaka mlangoni. Kesho mfike njiani.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini goti huuma uzeeni?
2. Roosevelt aliona nini majini?
3. Katika kijiji chenu, ni nani aliyeacha kutembea? Mtamsaidiaje?