Gemu za PSP katika Milima ya Umatengo na Mwambao wa Nyasa

Katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, gemu za PSP zimefahamika zaidi kupitia simu ya Android kuliko kupitia mashine yenyewe ya gemu ya mkononi, ambayo kampuni ya Sony iliitoa Japani Desemba 2004. Njia hiyo ilifunguliwa na PPSSPP, emuleta (yaani programu inayoiga utendaji wa mashine nyingine) iliyotolewa na Henrik Rydgård wa Uswidi Novemba 2012, mwaka uleule ambao wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga.

Emuleta peke yake haikutosha. Diski ya PSP huweza kubeba GB 1.8, na nakala yake kamili, iitwayo ISO, ilikuwa mzigo kwa simu yenye hifadhi ya GB 8 na kwa mtu anayenunua bando, yaani kifurushi cha intaneti, la siku moja. Kwa hiyo historia ya gemu hizi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kubana mafaili. Faili la ZIP (muundo wa mwaka 1989), RAR au 7z kwa kawaida hufunguliwa kwanza kwa programu kama ZArchiver, na hapo ndipo wengi hukwama: 7z ya MB 700 inayotoa ISO ya GB 1.4 hudai GB 2.1 kwa wakati mmoja, na ikiwa imekatwa vipande, kikikosekana kimoja gemu haipatikani. Muundo wa CSO ulikuwa wa werevu zaidi, kwani huibana ISO kwa vipande vidogo, kwa kawaida vya baiti 2,048, na kuweka mwanzoni jedwali linaloonyesha mahali pa kila kipande, ili emuleta ifungue kile inachokihitaji tu.

Madai ya gemu ya GB 1.4 kubanwa hadi MB 50 hayaaminiki kirahisi. Diski yenye data nyingi ya kujazia nafasi tu hubanika sana, lakini video na sauti zilikwishabanwa na watengenezaji wenyewe, hivyo aghalabu faili kama hilo limenyofolewa vitu hivyo, au si gemu kabisa.

Tangu toleo la 1.17 la mwaka 2024, PPSSPP husoma pia CHD, muundo uliotokana na mradi wa MAME. Vyovyote faili litakavyobanwa, programu za kompyuta, gemu zikiwamo, zinalindwa nchini na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.