Kabla ya Reli Kulikuwa na Mapipa

Desemba 1965 Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, na petroli ilikuwa inaiishia. Tarehe 11 ya mwezi uliotangulia, Waziri Mkuu Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Balaa ni kwamba karibu kila kitu Zambia ilichouza na kununua ng'ambo, shaba ikiwa ya kwanza, kilipita kwenye reli za huko huko.

Lusaka ikageukia Dar es Salaam. Mapipa ya mafuta yakapandishwa ndege, mengine yakapakiwa kwenye malori yaliyoshika njia ya Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kisha malori yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya vumbi. Mvua zikianza, lori linazama kwenye tope hadi ekseli, utingo anashuka na jembe, na foleni inajipanga nyuma. Mlima Kitonga nao ulikuwa na hesabu zake: breki zikikataa pale, dereva hana pa kukimbilia. Wageni waliiita njia ya jehanamu, na hawakutia chumvi.

Udugu wa Tanzania na Zambia ukitajwa, wengi hukimbilia reli. Kilichotangulia ni bomba. TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na Waitaliano na kuanza kusukuma mafuta mwaka 1968. Zambia ina hisa theluthi mbili, Tanzania theluthi moja. Limefukiwa ardhini, halina abiria wala stesheni, ndiyo maana halisifiwi. Lakini mapipa ya barabarani liliyapumzisha.

Reli ilikuwa kazi ya namna nyingine. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilisema haitalipa. Rais Nyerere wa Tanzania na Rais Kaunda wa Zambia wakapiga hodi Beijing, na mkataba ukasainiwa Septemba 1967. China ilikopesha yuani milioni 988 bila riba, zilipwe kwa miaka 30. Fedha za gharama za ndani zilitokana kwa sehemu kubwa na mauzo ya bidhaa za Kichina, hivyo mnunuzi wa shati dukani naye alichangia reli bila kujua. Ujenzi ulianza 1970. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero, milima ilidai madaraja na mahandaki mfululizo. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo, na makaburi ya baadhi yao yako Gongo la Mboto. Julai 1976 kilomita 1,860 zilikabidhiwa kwa wenyewe, nusu kwa nusu.

Hapo ndipo urafiki ulipoanza kupimwa kwa mizani ya biashara. Bandari ya Dar es Salaam ilielemewa, mabehewa yakapungua, na Zambia ikawa inasubiri mbolea huku msimu wa kupanda ukibisha hodi. Oktoba 1978 Kaunda akafungua tena njia ya kusini iliyopita Rhodesia. Nyerere hakufurahi, ila hawakuvunja undugu. Mwaka uliofuata makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli kwenye mto Chambeshi, na ubaya wa kutegemea njia moja ukaonekana upya.

Tangu hapo reli imezeeka vibaya. Iliwahi kubeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Kufikia 2015 ilishuka chini ya tani 100,000. Kusema kweli, wamiliki wawili wenye sauti sawa walichelewa kuamua nani atoe fedha, na injini hazikuwasubiri.

Mzigo haukupotea, ulihamia barabarani. Tunduma na Nakonde leo ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka: malori ya shaba yanashuka, ya makontena yanapanda, wabadilisha fedha wanashika mabunda ya kwacha mkono huu na shilingi mkono ule. Mwaka 2019 Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Lungu wa Zambia walizindua hapo kituo cha pamoja cha forodha, ili dereva asikaguliwe mara mbili. Bomba nalo limebadilishwa kazi: tangu 2023 linasafirisha dizeli iliyokwisha kusafishwa badala ya mafuta ghafi. Na Septemba 2024 Rais Samia na Rais Hichilema walikuwa Beijing, wakishuhudia makubaliano ya kuifufua reli hiyo, TAZARA. Safari hii Wachina wanakuja kama wawekezaji.