Gesti, kambi na banda: pa kulala katika nchi ya dhahabu

Gesti yoyote ya Kahama, iwe ya vyumba sita au ya ghorofa tatu, itakusogezea daftari kabla ya kukukabidhi ufunguo. Jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, saini. Wageni hujaza haraka haraka. Wengi kwenye kazi huandika "mfanyabiashara", na mfanyabiashara wa huku anaweza kuwa mnunuzi wa dhahabu, muuza mchele au mtu asiyetaka kuulizwa zaidi.

Swali la umefuata nini ni la zamani kuliko gesti. Kwa zaidi ya karne moja na nusu, anayefika nchi hii iliyo kati ya Shinyanga na Geita amepata pa kulala kulingana na alichokifuata. Starehe ilikuja baadaye sana, na haikuja kwa wote.

Julai 1858 John Hanning Speke alimwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kupitia Msalala na Salawe, akalifikia Ziwa Victoria mwanzoni mwa Agosti. Msafara wa siku zile haukujichagulia kambi. Ulilala palipo na maji na mtemi akiwa radhi, na radhi hiyo ilikuwa na bei: hongo ya nguo na shanga, ikijadiliwa mpaka watu wachoke. Sehemu moja ya njia hiyo ilikuwa chini ya mtawala mwanamke, jambo ambalo Speke hakuwa amelikuta kwingine. Uwe Mzungu au Mnyamwezi mwenye pembe za ndovu, utaratibu wa kuingia kwa mwenyeji ulikuwa ule ule.

Ukoloni ukaugeuza utaratibu huo. Aliyekuja kutawala hakuomba pa kulala. Alijengewa nyumba ya kupumzikia ya serikali, na wanakijiji wakampelekea kuni na maji. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, Shinyanga ikawa kituo cha kushukia, na nyumba za kulala wageni zikaanza kuota karibu na stesheni na soko la pamba. Wakati huo huo palikuwa na kambi za aina nyingine kabisa. C.F.M. Swynnerton, bingwa wa mbung'o wa serikali ya Tanganyika, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wake. Maelfu ya Wasukuma walikusanywa kufyeka pori, kwa hoja kwamba mbung'o hukaa penye kivuli na kivuli kikiondoka naye ataondoka. Aliondoka kweli sehemu nyingi. Kivuli nacho hakikurudi: pamba, mifugo na kuni vilimaliza yaliyobaki, hata Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulilazimika kufufua ngitili, malisho ambayo Wasukuma walikuwa na desturi ya kuyafunga yapumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti. Mtu anayetafuta pa kupiga hema Shinyanga leo na akapata mti wa kumfunika saa saba mchana, awashukuru wazee wa ngitili kwanza.

Madini ndiyo yaliyoleta uzio. Wajerumani walijua habari za dhahabu ya Geita tangu 1898, lakini mgodi wenyewe ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Kule Mwadui, mjiolojia wa Kanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na miaka saba baadaye likatoka jiwe la waridi la karati 54 ambalo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Mwadui ukawa mji ndani ya mji: hospitali yake, shule zake, uwanja wake wa ndege, na geti ambalo hupiti bila kibali. Wafanyakazi walipewa nyumba kulingana na cheo, na kwa miaka mingi cheo kilifuata rangi. Aliyekuwa nje ya geti alilala popote.

Wale wa nje ya geti ndio waliokuja kuijaza nchi hii. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei inayokaribia ya soko, na habari zikaenea haraka kuliko redio ilivyoweza kuzitangaza. Ikisikika rashi, yaani habari ya dhahabu mpya, Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, ndani ya wiki moja kunakuwa na mji wa maturubai. Miti minne, nailoni ya bluu au nyeusi, kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa sababu mvua ya usiku hupita chini yake. Wengine hulala kwa zamu: anayetoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, alfajiri anaingia kwenye shuka la anayeshuka. Walinzi hulala juu ya viroba vya mawe yenye dhahabu, maana kiroba kikiachwa peke yake hakifiki kwenye karasha la kusagia mawe. Baada ya mama ntilie kufungua, na baada ya muuza kandambili, ndipo hufika mtu mwenye mabati na mbao, akagawa vyumba kumi visivyo na dari, akaandika mlangoni GESTI. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha kumi anakupa pole. Katoro ilianza hivyo hivyo, na sasa ni mji mkubwa ambao ukifika usiku na gunia la mchele hukosi kitanda.

Bulyanhulu, mwezi Agosti 1996, ilionyesha jinsi malazi hayo yalivyo mepesi. Wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka kupisha mgodi mkubwa, makazi yakavunjwa, na ubishi juu ya yaliyotokea siku zile haujaisha mpaka leo. Mgodi wa Geita ulizinduliwa 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi 2009. Kambi za makampuni zikarudisha uzio wa Mwadui: vyumba vyenye kiyoyozi, bwalo la chakula, kadi ya kuingilia.

Kuna sehemu mkoani Geita ambako mtu analala bila kufuata mali yoyote chini ya ardhi, nayo ni kisiwa cha Rubondo. Ni milima ya zamani iliyozingirwa na Ziwa Victoria, kilele chake, Msasa, kikiwa mita 1,486 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walikifanya msitu wa hifadhi. Mwaka 1965 kikawa pori la akiba, na 1977 hifadhi ya taifa. Katikati ya miaka hiyo ya sitini wavuvi na wakulima wa Kizinza walioishi humo walihamishiwa visiwa vya jirani na vijiji vya bara.

Walioletwa badala yao walikuwa wageni kwelikweli. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alipeleka sokwe 17 kati ya 1966 na 1969, wazaliwa wa Afrika Magharibi waliokuwa wamefungwa Ulaya. Walifunguliwa masanduku wakaachiwa msitu, bila mazoezi yoyote. Mwanzoni baadhi waliwavamia watu. Taratibu wakaacha, wakajifunza matunda ya kisiwa, wakaanza kujenga viota. Faru walioletwa waliishia mikononi mwa majangili. Twiga na tembo bado wapo, pamoja na nzohe wenyeji wa matete.

Anayekwenda leo hupitia Kasenda karibu na Muganza, kwa safari fupi ya boti, au Nkome ambako safari ya majini ni ndefu zaidi. Ufukweni Kageye TANAPA ina mabanda na uwanja wa kupiga hema. Banda ni ghali kuliko hema lakini lina kitanda, chandarua na bafu, nami kwa msimu wa masika nisingebishana na bei. Juni hadi Agosti hema linatosha kabisa. Chakula beba mwenyewe, mchele wa Kahama ukiwemo, kwa kuwa hakuna mama ntilie. Usivae bluu wala nyeusi, kwani mbung'o aliyefukuzwa Shinyanga anaishi Rubondo kwa raha zake na rangi hizo humvuta. Na viboko hupanda kula majani usiku katikati ya mabanda, hivyo shida ya choo imalizwe mapema.

Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na mjukuu wa Mzinza aliyehamishwa hulipa hicho hicho. Chato kumejengwa uwanja wa ndege, na Burigi-Chato ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2019, kwa matumaini kwamba wageni wa Serengeti watavuka kuja huku. Huenda watakuja. Lakini mwenye gesti Katoro hasubiri mtalii. Anasubiri kusikia rashi mpya imefumukia wapi.