Matundu Mawili Yaliyopotea: Kwa Nini Baiskeli Nyepesi Haina Pa Kufunga Keria

Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mbio ya mtumba. Fremu ya chuma, nyepesi kiasi kwamba unaibeba kwa mkono mmoja hadi ghorofa ya tatu bila kuhema. Nilitaka kitu kimoja tu: keria ya nyuma na begi la kuwekea kompyuta na koti la maabara, maana nilishachoka kufika chuoni na shati limelowa mgongo mzima. Nikaipeleka kwa fundi. Akaizunguka mara mbili, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akacheka. “Kijana wangu, hii haina matundu. Lakini usijali, tunatoboa.” Akanyanyuka kwenda kuchukua drili.

Nilimzuia, na muda si mrefu utaona kwa nini. Ila swali lilibaki kichwani: hayo matundu yalikwenda wapi? Baiskeli ya babu yako ilibeba gunia la mahindi na bibi juu yake. Hii ya kisasa inashindwa kubeba kompyuta? Ukiuliza, watu watakwambia kwamba baiskeli ya mbio ni nyepesi, na chepesi hakibebi. Jibu hilo linaingia akilini haraka. Historia inalikataa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1884 Thomas Stevens aliondoka San Francisco kuizunguka dunia kwa baiskeli ya zama hizo, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Mzigo wake ulikuwa mdogo sana, na aliufunga kwenye usukani, kwa sababu baiskeli ile haikuwa na mahali pa maana pa kuweka kitu nyuma. Mwaka uliofuata John Kemp Starley wa Uingereza akatoa baiskeli ya Rover: magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Fremu za aina hiyo zilipokomaa na kuwa na umbo la pembetatu mbili, sehemu ya nyuma ikageuka kuwa jukwaa la kubebea. Juu ya gurudumu kuna nafasi, chini kuna ekseli, na katikati kuna vyuma vya kupokea uzito na kuushusha.

Hapo ndipo ilipo siri ya keria yoyote nzuri. Keria ni njia ya kupitishia kani. Uzito wa begi unaingia juu, unashuka kwenye miguu ya keria, unafika karibu na ekseli, unaishia kwenye tairi na ardhini. Miguu inabanwa kwa urefu wake, na chuma kikibanwa hivyo kinavumilia sana kuliko kikipindwa. Jaribu mwenyewe na kijiti cha kibiriti: kikandamize ncha kwa ncha, kisha kipinde, uone kinachovunjika upesi.

Sasa, je, ni kweli kwamba wepesi na mzigo ni maadui? Nenda Ufaransa. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alianzisha gazeti la Le Cycliste mwaka 1887 na akatumia maisha yake kuwashawishi watu kusafiri mbali, kupanda milima na kutumia giya nyingi. Waliofuata mawazo ya namna hiyo walitaka baiskeli ya kwenda kasi siku nzima ikiwa na taa, madigadi na begi. Miaka ya 1930 na 1940 wakawa na mashindano ya kupima baiskeli zenyewe badala ya waendeshaji. Baiskeli ilipata alama kwa wepesi, lakini ilibidi imalize njia mbovu za milimani bila kuvunjika kitu. Mafundi kama René Herse, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwenye ndege za majaribio, walitengeneza baiskeli zenye keria na taa zake zote zikiwa na uzito wa karibu kilo 10, nyingine pungufu. Ukiuweka uzito huo kwenye mizani leo, baadhi ya baiskeli za mbio zisizo na hata kengele zingeona aibu.

Basi matundu yaliondolewa na nani? Yaliondolewa na mashindano ya aina nyingine. Tour de France ilianza mwaka 1903, na taratibu picha ya baiskeli ya kasi ikawa ile ya mwanamashindano, ambaye leo mzigo wake unabebwa na gari linalomfuata nyuma. Huyo hana haja ya keria. Wanunuzi wakataka inayofanana na ya bingwa, viwanda vikatii. Tundu lenye hesi karibu na ekseli lina uzito wa gramu chache tu. Liliondoka kwa sababu lilionekana la kishamba. Fremu nayo ikafupishwa nyuma: baiskeli ya safari huwa na takriban sentimita 45 kutoka pedali zinapozungukia hadi kwenye ekseli, ya mbio takriban 41. Hizo sentimita nne ndizo kisigino chako kitakazozitafuta kila kikigonga begi.

Turudi kwa fundi na drili yake. Bomba la fremu nyepesi lina unene usiofika milimita 1. Mwaka 1898 mhandisi wa Kijerumani aitwaye Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana likivutwa, mkazo ukingoni mwa tundu dogo la duara unakuwa mara tatu ya ule wa sehemu nyingine. Mara tatu! Na haijalishi tundu ni dogo kiasi gani. Bomba la baiskeli si bamba pana, lakini somo ni lilelile: ufa unaanzia kwenye tundu, na unakua kidogo kidogo kila unapopita shimo la barabarani. Matundu ya kiwandani yanawekwa kwenye kipande kinene kinachoshika ekseli, si kwenye bomba.

Njia ya pili anayokimbilia mtu ni keria inayobana nguzo ya siti peke yake na kuning’inia nyuma. Tupige hesabu. Begi la kilo 8 ni kama nyutoni 80. Likikaa sentimita 30 nyuma ya nguzo, linaipinda kwa nyutoni-mita 24. Ingia shimoni kwa kishindo cha mara tatu, unafika 72. Huo ni wenzo, na nguzo yako ndiyo inayokongolewa. Kwa koti na chakula cha mchana, sawa. Kwa kompyuta na vitabu, mimi hapana. Na kama nguzo ni ya kaboni, usiibane na chochote ambacho mtengenezaji hakukiruhusu: kaboni ni imara kwa upande nyuzi zake zilikolazwa, lakini kibano kinaweza kuiponda bila wewe kuona alama.

Nikamwambia fundi, “Mzee, Phoenix mnazifungaje keria?” Akanitazama kama nimeuliza maji yanachemshwaje. “Kwenye ekseli.” Akanyamaza kidogo. Halafu akairudisha drili mahali pake.

Akatoa ekseli yangu yenye uwazi katikati, akaweka nzima, ndefu, ya nati. Miguu ya keria ikaingia humo pande zote mbili. Juu tuliifunga kwenye pete inayobana nguzo ya siti, pete yenye matundu mawili ya hesi. Hiyo ya juu kazi yake ni kuzuia keria isilale nyuma. Uzito unashuka kwenye ekseli. Begi tukalisogeza nyuma mpaka kisigino kikapita, kamba zote zikafungwa mbali na spoku.

Ukifanya kama sisi, soma kwanza kilo zilizoandikwa kwenye keria, na usizipite. Baada ya safari ya kwanza kaza boliti upya, maana mtikisiko huzilegeza. Kisha shika begi ulitikise kushoto na kulia: likicheza lenyewe, kaza kamba, keria ikicheza pamoja nalo, rudi kwenye nati. Na begi likiwa limejaa, pinda kona za kwanza taratibu. Mzigo nyuma unaijibu kona ukiwa umechelewa kidogo.

Sasa nafika chuoni mgongo mkavu. Fundi naye ameagiza pete tatu zaidi.